Mkata Mikoko Mbele ya Televisheni

Nina uraibu mmoja na siuonei haya: vipindi vya televisheni kuhusu watu wanaoishi na kufanya kazi msituni. Nikishamaliza siku nzima ya kujibu simu za wateja kwenye ofisi isiyo na hata dirisha moja, hapa Mombasa, narudi nyumbani, nateleka chai, nawasha TV na kuwatazama watu wenye ndevu wakipasua kuni. Nimetazama Ax Men, kile kipindi cha wakata magogo wa Marekani kilichoanza 2008. Nimetazama Alaskan Bush People. Nimemfuata Ben Fogle, Mwingereza anayezunguka dunia akiwatembelea watu walioupa mji kisogo wakaenda kuishi porini. Kila mara najiambia hayo ndiyo maisha.

Kisha babangu akaja kukaa nami.

Alikuja kwa ajili ya kliniki. Mgongo ulikuwa umemshinda, na si ajabu. Babangu ni mtu wa Pate, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ilikuwa kukata mikoko. Walikuwa wakiondoka na jahazi, wanapiga kambi kando ya mkondo wiki mbili tatu, maji ya kunywa wamebeba kwenye madumu. Wanaingia kwenye tope hadi magotini, wanakata kwa shoka, wanabeba begani hadi maji yalipo, halafu wanangoja bamvua lije liwanyanyulie mzigo. Usiku ni mbu. Mchana ni mbu na jua.

Sasa mzee huyo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni kwangu, mto nyuma ya mgongo, akitazama nami watu wa msituni wa kwenye TV. Kiingereza hakijui, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Siku ya kwanza tulitazama Ax Men, sehemu ya yule Shelby Stanga wa Louisiana anayeopoa magogo yaliyozama kwenye vinamasi. Mimi nampenda kwa vituko vyake, anapiga kelele, anaongea na mamba. Babangu hakucheka hata mara moja. Alikuwa ameinama mbele, macho kwenye kamba.

"Amefunga vibaya," akasema. "Gogo likigeuka litamchukua mguu."

Baadaye akauliza, "Hilo gogo atauza kwa nani?" Kisha, baada ya kimya kirefu, "Na huyo anayeshika kamera, mbona hamsaidii?"

Alichokipenda ni kwamba kipindi hicho huhesabu shehena ambazo kila kikosi kimetoa. Hilo alilielewa bila tafsiri. Kwao boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na mtu hulala akijua leo ametoa korija ngapi na bado ngapi.

Alaskan Bush People hakuipa hata dakika kumi. "Hawa hawafanyi kazi," akasema. Nikamuuliza amejuaje. "Tazama wanavyoshika shoka." Nikacheka, nikamwambia kwamba mwaka 2016 baba wa ile familia na mwanawe mmoja walihukumiwa mahakamani kwa kutoa habari za uongo kuhusu ukaaji wao Alaska, ili wapate mgao wa fedha ambao jimbo lile huwapa wakaaji wake. Mzee alicheka mpaka akajishika mgongo. Kwa siku kadhaa, kila alipoona mtu wa kujifanya, hata kama ni mwanasiasa kwenye taarifa ya habari, alikuwa akisema, "Huyo naye ni wa Alaska."

Mimi nilicheka naye, lakini kuna kitu kilianza kunikereketa. Wakati wote huo nilikuwa natafsiri maneno ya watu nisiowajua kuhusu kazi ambayo mtu aliyekaa kando yangu aliifanya maisha yake yote. Na sikuwa nimewahi kumuuliza swali hata moja.

Si kumuuliza tu. Nilimficha. Nilipojiunga na sekondari huku Mombasa tulipewa fomu za kujaza, na penye kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Wenzangu baba zao walikuwa makarani, walimu, mabaharia. Nani angeandika mkata mikoko? Karo ya shule hiyo hiyo ilitoka kwenye boriti. Kila muhula, nikihesabu sasa, ni korija zilizobebwa begani, mti kwa mti.

Kipindi kilichobadilisha mambo ni Grand Designs, cha Channel 4 ya Uingereza, kinachoongozwa na Kevin McCloud. Kuna sehemu yake ya mwaka 2003 kuhusu Ben Law, mtu wa msituni wa West Sussex. Alikuwa ameishi na kufanya kazi ndani ya msitu wake takriban miaka kumi, kwenye makazi ya muda, kabla ya kujenga nyumba. Mti anaoukata ni chestnati, mti wa Ulaya wenye njugu za kuchoma. Alijenga kwa nguzo za mti huo, mviringo vile vile zilivyotoka msituni, bila kuzipasua mbao. Kuta ni marobota ya nyasi kavu yaliyokandikwa.

Babangu alinyooka pale mkekani. "Hajaipasua!" akasema. "Ameitumia nzima, kama sisi."

Na hapo mkalimani akawa ni yeye. Alinipangia miti yake kwa unene: fito, halafu pau, halafu mazio, halafu boriti, halafu nguzo. Alinieleza kwamba mkandaa si mkoko, na mkoko si mchu, ingawa mtu wa bara huita yote mikoko. Alinikumbusha vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, virefu na vyembamba. Wembamba ule ulipimwa na urefu wa boriti za darini. Boriti hizo zilikuwa zikienda kwa majahazi hadi Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nimekulia chini ya dari hizo na sikuwahi kujiuliza chumba kilipimwa na nini.

Kwenye TV Ben Law alikuwa akieleza kwamba chestnati ukiukata, kisiki huchipua, na baada ya miaka unavuna tena pale pale. Nilipotafsiri, mzee alinyamaza.

"Huyo ana bahati," akasema. "Mchu ukiukata huchipua. Mkoko hauchipui. Ukiukata umeukata. Lazima uache mikubwa idondoshe mbegu, na lazima atakayekuja nyuma yako naye aiache."

"Na wote walikuwa wakiiacha?"

Akanitazama. "Si wote. Na mimi si kila siku. Ukiwa na karo ya kulipa, mti mkubwa unakutazama na wewe unautazama."

Hakuna kipindi kilichowahi kuniambia jambo kama hilo. Wale watu wa kwenye TV, wengi wao, msitu waliuchagua, na anayeuchagua anaweza kuondoka. Ndiyo maana wanapendeza kutazama. Babangu hakuuchagua, na siku aliyoondolewa hakuulizwa pia. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha siku hizo zikaongezwa. Misitu ilikuwa imeharibiwa na mito inakauka, hilo hakuna anayelikataa, hata mzee. "Lakini mwenye msumeno wa mtambo na mwenye shoka tumewekwa kapu moja," alisema. Jahazi lilikaa ufuoni. Kufikia hapo mgongo nao ulikuwa umeshachoka, na hakurudi tena.

Nilimweleza kwamba hata Ben Law ilibidi aombe kibali cha kujenga, na kwamba kibali hicho kilifungamanishwa na kazi yake ya msituni.

"Hata mzungu anaomba kibali?" Ilimfurahisha kuliko nyumba yenyewe.

Wiki iliyofuata tulikuwa kliniki. Karani alikuwa akijaza habari za mgonjwa kwenye kompyuta. Jina, umri, kaunti.

"Kazi ya mzee?"

"Hana kazi," babangu akajibu haraka, kama mtu aliyezoea kulijibu swali hilo kwa niaba ya wengine.

"Mkata mikoko," nikasema.

Karani akainua macho. "Niweke mkulima?"

"Hapana. Mkata mikoko."

"Dada, hapa hakuna hiyo. Kuna mkulima, mfanyabiashara, ameajiriwa, hana kazi, nyingine."

Lile neno "mfanyabiashara" lilinichoma kidogo. "Weka nyingine," nikasema. Kulikuwa na nafasi ndogo ya kujazia. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na mama mmoja alikuwa ameanza kuguna. Karani akanigeuzia kibodi. "Haya, andika wewe mwenyewe."

Nikaandika.

Babangu hakusema lolote. Tulipotoka, tulipanda matatu, nikamwekea begi langu nyuma ya mgongo. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponigeukia.

"Leo usiku tumtazame tena yule wa nguzo," akasema. "Ile sehemu ya paa uliipeleka mbio. Nataka nione ameungaje."