Zamu ya Bi Mdogo

Mwaka 1978 nilikuwa nakaa Ujiji kwa dada yangu. Shemeji alikuwa mvuvi wa dagaa. Walikuwa wameoana muda wa kutosha kwa majirani kuanza kumtazama dada tumbo kabla ya uso.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani. Siku zile wavuvi waliwasha karabai, dagaa wakafuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikitanda, taa hazifui dafu. Wavuvi hubaki nyumbani siku kadhaa wakitengeneza nyavu. Sasa muuguzi alikuwa amemfundisha dada kuhesabu siku zake za kushika mimba, naye akawa anachora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Bibi alipoiona aliuliza, “Haya madeni ya dagaa ni ya nani?”

Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Maana siku zenyewe zote ziliangukia gizani, shemeji yuko ziwani. Mwezi ukiwaka, shemeji yupo kitandani anakoroma, na siku zimeshapita. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, na hesabu ya dada ilikaribiana nao, kwa hiyo hesabu hizo mbili zilipogongana hazikuachana upesi.

“Mjukuu wangu,” bibi alisema, “umeolewa ukewenza. Mwenzio ni giza.”

Tangu hapo giza likaitwa Bi Mdogo. Dada akimfungia mumewe chakula cha usiku anasema, “Haya, nenda, leo zamu yake. Msalimie.”

Mama hakuthubutu kucheka maneno hayo mbele ya mkwewe. Bibi ndiye mwenye ruhusa, maana mjukuu na mume wa mjukuu ni watani wake, na mimi kama shemeji nilipata sehemu yangu. Habari za yule mtoto wa Oldham, Uingereza, aliyezaliwa Julai mwaka huo baada ya mimba kutungwa maabara, zilipotufikia, bibi alimgeukia shemeji: “Basi mume wangu, endelea kuvua. Kumbe hata kazi yako inafanyika kwenye chupa!”

Kicheko hiki kilimshika dada mkono. Kile cha nje kilimchubua. Harusini alitupiwa mafumbo ya mti usiozaa, akarudi nyumbani akajifungia, na usiku ule hata bibi hakutania. Ni dada tu aliyesemwa. Mumewe hakuna aliyemgusa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi moja ufukweni, wanawake wakianika dagaa mchangani, mzee mmoja akamshauri shemeji kwa sauti aoe mwingine. Shemeji akaweka ndoo chini.

“Mbona mimi hamniulizi? Huenda wavu wangu ndio wenye matundu.”

Siku zile sikuwahi kumsikia mwanamume akisema hivyo mbele za watu. Pakawa kimya, kisha dada akajibu kutoka kwenye dagaa wake:

“Wavu nimeukagua mwenyewe, mzima. Mvuvi ndiye asiyelala nyumbani!”

Ufuko mzima ukacheka, na yule mzee naye. Giza lililofuata nahodha alimtafuta mtu wa kumshikia shemeji nafasi, wenzake wakamsindikiza kwa vigelegele vya kiume hadi njiani.

Mimba haikuingia giza lile, wala magiza mengi baadaye. Ila watu walipouliza habari za mtoto, sasa waliwauliza wote wawili.