Melikhovo kwa Treni ya Asubuhi

Mji wa Chekhov uko kusini mwa Moscow, mwendo wa saa moja na ushei kwa treni ya abiria wa kila siku, ile ambayo Warusi huiita elektrichka. Zamani kituo chake kiliitwa Lopasnya. Jina la mwandishi mji ulipewa mwaka 1954, miaka 50 tangu kifo chake. Hapo ndipo Anton Chekhov aliposhuka mwishoni mwa majira ya baridi ya 1892, akiwa na umri wa miaka 32, akaendelea kwa gari la farasi hadi kijiji cha Melikhovo, kwenye shamba la zaidi ya hekta 200 alilolinunua kwa mkopo likiwa bado limefunikwa na theluji. Babu yake alizaliwa mtwana, akajikomboa yeye na familia yake kwa fedha mwaka 1841. Mjukuu sasa alikuwa bwana shamba.

Nilikuwa sijawahi kukanyaga Urusi. Mwenyeji wangu alikuwa binti wa jirani yetu wa Morogoro, anayesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa mwaka 1960 na ambacho kimesomesha Watanzania wa vizazi kadhaa. Tulikutana kituo cha Kursk jijini Moscow, mwezi wa Julai, asubuhi ambayo jua lilikuwa limeshapanda muda mrefu kabla ya watu kuamka.

“Shikamoo, shangazi. Umepata usingizi kweli, na mwanga wote huu?”

“Marahaba, mwanangu. Nimefunga pazia, nikalala hivyo hivyo.”

Alikata tiketi, akanitafutia kiti cha dirishani. Behewa lilijaa watu waendao kwenye vijumba vyao vya shamba: wazee wenye miche iliyofungwa magazetini, kijana na baiskeli yake, mama mmoja na paka ndani ya kapu. Nje zilipita ghorofa ndefu za kijivu, kisha miti ya bereza yenye magome meupe, kisha bustani za viazi zilizobanana hadi kwenye ukingo wa reli.

Kwa kizazi changu vitabu vya Kirusi si kitu kigeni. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la Progress la Moscow lilichapa vitabu kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na Dar es Salaam viliuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Nilianza kuwasoma Warusi kwa ajili ya hadithi tu. Baadaye, nilipoanza kuandika, nilirudi kwao kama fundi anayefungua saa kutazama kilichomo. Tolstoy ndiye aliyenifunza kwanza. Katika hadithi yake ya mwaka 1895 kuhusu bwana na mtumishi wake, mfanyabiashara mwenye pupa anaondoka na mtumishi wake kwenye dhoruba ya theluji ili awahi kununua msitu. Wanapotea njia, na baada ya kuzunguka wanajikuta wamerudi kwenye kijiji kile kile. Pembeni mwa kijiji kuna kamba ya nguo zilizogandishwa na baridi: mashati, suruali, sketi. Mara ya kwanza shati jeupe linapigwapigwa na upepo kwa nguvu. Wanapopita tena, shati limechomoka, linaning’inia kwa mkono mmoja. Tolstoy haandiki kwamba hatari imeongezeka. Ametuonyesha shati, msomaji mwenyewe akaanza kuogopa. Tangu siku niliyoliona hilo, sirudishi kitu kwenye hadithi yangu bila kujiuliza kimebadilika nini tangu kilipoonekana mara ya kwanza.

Lakini kilichonipeleka Melikhovo ni hadithi nyingine, “Kryzhovnik”, jina la tunda dogo la vichakani, ambayo Chekhov aliiandika huko huko na kuichapisha mwaka 1898. Sisi tuliolelewa na hadithi za bibi, kisha tukapitia darasani ambako kila hadithi ilifuatwa na swali inatufundisha nini, tumezoea kusubiri funzo mwishoni. Katika “Kryzhovnik” funzo lipo, tena ni hotuba nzito. Daktari wa mifugo aitwaye Ivan Ivanych anasimulia habari za mdogo wake, karani aliyejinyima maisha yake yote ili anunue shamba lenye vichaka vya tunda hilo. Alipolipata, akawa mnene, akaridhika, na akayala matunda yake machachu kwa furaha hata usiku wa manane. Ivan Ivanych anachukizwa na furaha hiyo. Anasema kwamba nyuma ya mlango wa kila mtu mwenye raha angestahili kusimama mtu mwenye nyundo, agonge, amkumbushe kwamba wako wenye dhiki. Sijasoma maneno mengi yaliyonigusa kama hayo. Hata hivyo hadithi yenyewe si mahubiri, na kwa miaka mingi nilitaka kujua imewezaje.

Kituoni Chekhov, akina mama walikuwa wamepanga ndoo na vikombe vya plastiki ukutani: stroberi, matango, bizari, na tunda lenyewe. Nilikuwa sijawahi kuliona. Linalingana na zabibu, kijani linaloelekea njano, na ukiliinua kwenye mwanga unaona mistari myembamba inayoshuka kutoka juu hadi chini na mbegu ndani yake. Ngozi ina vinyweleo vidogo, na chini limebaki ua lililokauka. Ukiling’ata, ngozi inakataa kwanza, halafu linapasuka, uchachu unajaa mdomo mzima. Utamu huja mwishoni, nao ni haba. Nilikula kikombe kizima tukisubiri basi. Mle hadithini tunaambiwa ni gumu na chachu, lakini ilinibidi nilitafune ili nielewe yule karani alikuwa akijidanganya kiasi gani, na pia kwamba hakuwa akijidanganya kabisa, kwa sababu ukishazoea, mkono unarudi kwenye kikombe wenyewe.

Basi lilituteremsha Melikhovo. Nyumba kubwa imejengwa upya baada ya ile ya awali kubomolewa, na makumbusho yapo tangu 1940. Ndani tulivaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, tukaonyeshwa meza ya kuandikia, piano, chumba cha wazazi. Sikukaa sana humo. Nilikaa kwenye kijumba cha bustanini, kilichojengwa mwaka 1894 kwa ajili ya wageni, ambamo mwenye nyumba alijificha kuandika tamthilia ya “Shakwe” watu walipozidi kuwa wengi katika nyumba kubwa. Ni kijumba cha mbao, vyumba vidogo mno, na mtu mrefu kama yeye alihitaji kugeuka kwa hadhari. Karibu yake ni bustani ya mboga aliyoipa jina la Kusini mwa Ufaransa, kwa vile alijaribu kupanda humo mimea inayopenda joto, matikiti na biringanya, chini ya jua la Moscow.

Kwa hiyo mtu aliyeandika hotuba kali dhidi ya mwenye shamba anayefurahia bustani yake, alikuwa mwenye shamba mwenye bustani aliyoipenda. Nilisimama kwenye matuta hayo muda mrefu nikilifikiria jambo hilo.

Binti alivutiwa zaidi na vifaa vya udaktari. Chekhov alihitimu udaktari mwaka 1884, na hapa aliwatibu wanakijiji bila malipo. Mwaka ule ule aliohamia, kipindupindu kilipotishia mkoa, alikabidhiwa vijiji 25, viwanda 4 na monasteri moja, akakataa mshahara. Baadaye alisimamia ujenzi wa shule tatu za watoto wa wakulima, Talezh, Novoselki na Melikhovo yenyewe, na sehemu ya fedha ilitoka mfukoni mwake. Yote hayo akiwa na kifua kikuu, ambacho mwaka 1897 kilimwangusha waziwazi hadi akatokwa na damu mapafuni.

Naamini hapo ndipo penye siri ya “Kryzhovnik”. Wajibu wake kwa maskini aliutimiza kwa mikono yake, shuleni na kwenye vitanda vya wagonjwa, kwa hiyo hakuhitaji kuitwika hadithi mzigo huo. Hadithi aliiachia kazi ya kutazama watu. Hotuba aliiweka kinywani mwa mtu mmoja, halafu akaizungushia mambo yanayoipima. Kabla ya kuhubiri dhidi ya furaha, Ivan Ivanych amenyeshewa, amefika na mwenzake Burkin kwa rafiki yao Alyokhin, amejitupa mtoni katikati ya mvua, anapiga mbizi, anaelea, anamtaja Mungu kwa sauti, hadi Burkin anamwita atoke. Hakuna mtu mwenye furaha kama yeye kwenye kurasa zile. Akimaliza kuhubiri, wasikilizaji hawaguswi. Chumba kina picha za majenerali na mabibi katika fremu za dhahabu, na wasikilizaji wangependa kusikia habari za watu wa namna hiyo. Alyokhin anasinzia, hajali kama mgeni amesema kweli, amefurahi tu kwamba leo hayazungumzwi mambo ya nafaka na nyasi kavu. Kisha wanalala, na kiko cha Ivan Ivanych kinatoa harufu mbaya ya tumbaku iliyoungua inayomkosesha usingizi mwenzake Burkin, ambaye hata hajui inatoka wapi.

Ukiondoa kuogelea, hotuba inabaki mahubiri. Ukiondoa kiko, msemaji anakuwa nabii. Na ukiiondoa hotuba, vyote viwili havina kazi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta, na nilikiona vizuri zaidi kwenye matuta ya mboga kuliko nilivyowahi kukiona mezani kwangu.

Kwenye treni ya kurudi nilimpa binti hadithi aisome kwa Kirusi. Aliisoma yote kabla hatujafika nusu ya njia, huku akila matunda yaliyobaki.

“Shangazi, huyu Ivan Ivanych mimi simwamini.”

“Kwa sababu ya kiko?”

“Kwa sababu ya mke wa mdogo wake.”

Ilibidi nimwombe kitabu. Karani alimwoa mjane mzee kwa ajili ya fedha zake, fedha akaziweka benki kwa jina lake mwenyewe, mama wa watu akamlisha nusu tumbo mpaka akadhoofu, na baada ya miaka kama mitatu akafa. Kaka mtu anaisimulia habari hiyo kwa sentensi chache, anaingiza kisa cha mfanyabiashara aliyekula noti zake kwa asali kabla ya kufa, kisha anaendelea na safari yake ya kwenda kuliona shamba.

“Anahubiri kuhusu maskini wote wa dunia,” binti alisema, “na huyu mmoja aliyekufa ndani ya familia yake anampita hivyo tu.”

Nilimjibu kwamba labda uchungu ulikuwa mkubwa, mtu hukwepa kinachomuuma. Hakukubali. Alisema daktari anayemruka mgonjwa mmoja wodini ili awahi kutoa hotuba kuhusu afya ya taifa si daktari. Nikamwuliza kama Chekhov aliliona hilo au lilimponyoka. Akanirudishia kurasa zile, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo Burkin anamkatiza msimulizi na kumwambia amepotoka kwenye mada. Nikadai hilo ni kwa ajili ya kisa cha noti na asali. Akasema kisa cha noti kimewekwa pale makusudi, ili sote tumsahau yule mama. Tulifika kituo cha Kursk tukiwa bado tunabishana, na kwenye ngazi za metro akaniomba kitabu akae nacho wiki nzima, ili ahesabu kila mtu ambaye Ivan Ivanych amempita haraka.