Mifuko Mitatu ya Saruji

Ukimtajia mtu Chang'ombe, atakutajia mpira au kwaya. Mpira, kwa sababu Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, uko hapa jirani, kando ya ule wa Uhuru. Kwaya, kwa sababu nyimbo za vijana wa AIC Chang'ombe zimefika mbali kuliko wengi wetu tulivyowahi kusafiri. Mimi nikisikia Chang'ombe nakumbuka karatasi ya kaboni.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 22, nauza duka la vifaa vya ujenzi upande wa kuelekea Keko. Mashine za EFD zilikuwa bado, risiti tunaandika kwa mkono: ya juu anachukua mteja, nakala inabaki kitabuni. Jumapili naimba sauti ya pili kanisani kwetu, kanisa ambalo sitalitaja. Nilijiona Mkristo safi. Sinywi, siendi disko, fungu la kumi natoa.

Siku moja akaja mzee wa kanisa. Tulikuwa tunajenga darasa la watoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akachukua mifuko 12 ya saruji, akalipia 12. Pikapu ilipokwisha kupakiwa akashusha sauti: "Niandikie kumi na tano. Si unajua mambo ya usafiri?"

Sitasema nilishtuka. Kila siku kuna fundi au dereva anaomba cha juu, nimeshazoea. Nikachomeka kipande cha boksi chini ya kaboni, nikaandika 15 juu, kisha 12 kwenye nakala. Akaacha noti ya elfu tano mezani. "Ya soda."

Soda gani ya elfu tano?

Jumapili iliyofuata ikasomwa ripoti ya ujenzi. Saruji, mifuko 15. Watu wakapiga makofi. Benchi la mbele alikaa mama mmoja muuza maandazi, ambaye bahasha yake ya ujenzi haikukosa hata wiki moja. Nikaanza kuhesabu kichwani: mifuko mitatu ni maandazi mangapi? Sijamaliza hesabu, kwaya tukaitwa. Nikaimba, tena nikaimba vizuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nilimfuata mzee kwanza, tuwe wawili tu, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Hakukasirika. Akanitazama kwa huruma kabisa: "Mwanangu, usikuze jambo. Kwani wewe soda hukunywa?"

Alikuwa sahihi, na usahihi wake ukanifunga mdomo wiki mbili nzima. Yaani utasemaje habari ya mwizi na wewe mwandiko wako uko kwenye karatasi?

Aliyenifungua ni Zakayo. Tumeimba habari zake tangu utotoni, yule mfupi wa juu ya mkuyu. Tunaupenda sana ule mti, halafu tunaruka hesabu. Soma tena Luka 19. Hatuambiwi kama alilia. Tunaambiwa alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Nikaelewa kwamba kunywa soda hakuninyimi haki ya kusema. Kunanilazimu kuanza na ya kwangu.

Nikaanza na mwenye duka, mzee wa Kiislamu asiyependa maneno mengi. Akakipekua kitabu, akakaa kimya muda mrefu, kisha: "Kesho ufungue mapema." Hakunifukuza. Ila kitabu cha risiti alikishika mwenyewe mpaka Ramadhani ilipokwisha, na kila mteja alipoomba risiti ilinibidi kumwita. Niliona haki yake.

Halafu nikaenda kwa mtunza hazina wa kanisa na nakala mkononi, pamoja na elfu ishirini kutoka kwenye mshahara wangu. Mambo yakamalizwa na wazee kimyakimya. Ile mifuko mitatu ikalipwa. Waliosikia wakagawanyika, wengine wakaniita msaliti. Mke wa yule mzee, aliyenifundisha Biblia nikiwa mdogo, kwa mwaka mzima aliitikia shikamoo yangu kwa kutikisa kichwa tu. Ningependa kuwaambia nilijisikia mwepesi. Nilijisikia mpweke.

Darasa lilikwisha. Watoto wanaimba humo habari za Zakayo, na nikipita nje nasikia wamefika kwenye mti.

Bado nauza vifaa vya ujenzi. Siku hizi mashine inatoa risiti, lakini maombi hayajaisha. Wiki iliyopita kaja kijana, kachukua rangi, kaniinamia: "Dada, niongezee kidogo hapo, ofisi ndiyo inalipa."

Nikamwambia siandiki.

Akacheka. "Kumbe mlokole?"

"Hapana, kaka. Ni kwamba nimeshawahi kuandika."