Pikapu mpya yagoma Kitonga!

Mpenzi msomaji, wiki hii funga mkanda. Nakupeleka safari ya kilomita kama 500, Dar mpaka Iringa, halafu nakurudisha Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, kwenye yale maduka ambayo magari mapya yamepangwa nyuma ya vioo yaking'aa kama bwana harusi wa Jumamosi.

Mjomba wangu alistaafu mwaka jana. Wambea wa mtaani wakatabiri kuwa kiinua mgongo kitaishia kwa mke wa pili. Wakaumbuka! Mzee kanunua pikapu. Siyo mtumba wa Japani, ni mpya kabisa, zero kilomita, viti bado vina nailoni. Hesabu zake zilikuwa nyepesi: kupandisha mabati na rangi kwa wenye maduka Iringa, kushusha nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne na ukurasa huu nikateuliwa kuwa utingo. Kazi ni kazi, bwana.

Tuliondoka alfajiri. Kibaha, Mlandizi, supu Chalinze, Morogoro tukaiacha na milima yake ya Uluguru imejifunika mawingu. Mikumi barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50, unaona swala, tembo ukiwa na bahati, na mabango ya faini ukigonga mnyama. Baada ya hapo inakuja mibuyu, mibuyu mitupu pande zote mbili, mpaka Ruaha Mbuyuni ambako akina mama wamepanga vitunguu kando ya lami. Mjomba anapiga mluzi. Gari linateleza kama pikipiki.

Halafu tukaanza Kitonga.

Kama hujawahi kupita, Kitonga ni mlima wenye kona zilizojikunja, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yanapanda kwa kunong'ona. Sisi tulikuwa na tani moja mgongoni, semi mbele, semi nyuma. Katikati ya kona, taa ya njano ya chekinjini ikawaka, na nguvu zote zikaisha. Mjomba anakanyaga mafuta, gari linalia tu. Likasimama! Semi ya nyuma ikapiga honi mpaka roho ikaniruka. Mjomba kavuta hendibreki, mimi nikaruka na jiwe kuweka nyuma ya tairi, huku magoti yananicheza.

Akazima, akawasha tena. Nguvu zikarudi. Tukatambaa mita mia chache, likafa tena. Mara tatu ndipo tukafika juu.

Pale Ilula tukamuona kijana wa gereji bubu, ovaroli imekolea oili mpaka inasimama yenyewe. Akasikiliza injini dakika moja tu.

"Shikamoo mzee. Upepo unavuja kwenye mpira wa tabo. Nipe elfu kumi nakumalizia."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza," mjomba akasema, akatoa kitabu cha waranti. Miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Akaogopa kwamba mkono wa mtu mwingine ukigusa injini, wenye duka watapata pa kujificha. Akamnunulia kijana soda, akamshukuru. Mimi nilinuna. Elfu kumi tu!

Basi tukarudi Dar, moja kwa moja kwa waliotuuzia. Msomaji, kule ndani ni Ulaya. Kiyoyozi, sofa, luninga kubwa ukutani, dada wa mapokezi anauliza kama tunapenda chai au kahawa. Jioni tukaitwa. "Mzee, tumelijaribu, halina tatizo." Gari limeoshwa, linanukia. Kumbe walikuwa wamefuta ile taa kwa kompyuta, wakalipeleka likiwa tupu mpaka chini ya daraja la Mfugale pale TAZARA, wakarudi.

Safari ya pili, Kitonga ileile, kona ileile, kasheshe ileile. Tukarudi tena. Safari hii wakabadilisha chujio la dizeli, wakasema ni mafuta machafu ya mikoani. Mjomba akawaonyesha risiti: alijaza hapahapa Dar. Wakacheka, wakatupa kahawa nyingine.

Usiku ule nilimwona mzee amekaa barazani peke yake. Hakusema kitu. Miaka thelathini ya kazi imelala uani chini ya turubai, na wateja wawili wa Iringa wameshatafuta usafiri mwingine. Nikaona aibu kwa kununa kwangu.

Lakini mjomba alikuwa karani, na karani hafi hivi hivi. Mara ya tatu alikwenda na daftari. Tarehe, kilomita kwenye saa, gia, uzito wa mzigo, taa iliwaka wapi, iliwaka mara ngapi. Na jobu kadi mbili za mwanzo, ambazo mimi ningeshazifungia karanga. Akaomba kuonana na mkuu wa karakana, akamwambia kwa upole:

"Kijana wangu, mtu mwenye pumu ukimpima akiwa amelala, utasema ni mzima. Mpandishe ngazi na gunia kichwani, ndipo utamsikia. Nipe fundi wako, mzigo nitaleta mimi."

Akaongeza kuwa sheria ya nchi inataka bidhaa iwe na ubora na ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na kwamba ipo Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, ambako mlaji anaweza kulalamika. Hakupandisha sauti hata kidogo. Kahawa ya siku hiyo haikuletwa, ila fundi aliletwa.

Tukapakia saruji mifuko 20, yaani tani moja. Tukapita Gongo la Mboto, Pugu, tukaanza kupanda kuelekea Kisarawe. Fundi mwenyewe ndiye anaendesha, kompyuta yake ipo mapajani kwangu. Kwenye mwinuko akakanyaga mpaka mwisho. Taa, pap! Nguvu kwisha. Nilitaka kushangilia kama mechi ya watani.

Akafungua boneti, akapitisha kidole kwenye mpira unaotoa hewa kwenye tabo. Kwenye kiungo palikuwa na utando mweusi wa mafuta, na kibano kilikuwa hakijakaza. Akatueleza: gari likiwa tupu, hewa haisukumwi sana, mpira unashika. Likibeba mzigo mlimani, tabo inasukuma kwa nguvu, hewa inavujia hapo, kompyuta ya gari inaona hesabu haitimii, inabana nguvu kulinda injini. Ndiyo maana mjini halikuugua hata siku moja.

Yule kijana wa Ilula alikuwa amesema kweli, kwa masikio tu.

Walibadilisha mpira na kibano bila kutudai hata shilingi. Lakini siku tulizolala bila kazi hakuna aliyetulipa, na hilo usitegemee. Kwa hiyo wewe unayeota zero kilomita, nakuachia haya: kila ukipeleka gari, hakikisha tatizo limeandikwa kwa maneno yako kwenye jobu kadi kabla hujaacha funguo. Kadi zitunze kama cheti cha ndoa. Na usikubali gari la mzigo lijaribiwe tupu kwenye lami ya tambarare.

Wiki iliyopita tulipanda Kitonga tena na mabati. Semi mbele, semi nyuma, jiwe langu nimelishika tayari mapajani. Tukafika juu bila kusimama. Pale Ilula mjomba akamtafuta yule kijana, akamkabidhi elfu kumi yake.

"Mzee, sijafanya kazi yoyote," kijana akasema.

"Umefanya," mjomba akamjibu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Jiwe bado ninalo.