Kura Niliyoilipa kwa Hela ya Biharusi



Juzi alikuja dukani biharusi mmoja wa mfunguo mosi kupimwa mara ya pili. Mimi pini mdomoni, yeye simu mkononi. Akaniambia, "Dada, na wewe mpigie kura huyu kijana, imebaki wiki moja tu." Nikacheka mpaka pini zikaanguka. Akadhani namcheka yeye, maskini. Nikamwambia, mwanangu, mimi kura nishaipiga, na nikailipa miezi mitano.

Nilikuwa na miaka 23. Nimetoka kumaliza kozi ya ushonaji, nina cherehani moja na kiti cha mteja, chumba nimekodi uchochoroni karibu na Darajani. Mtoto wa ami yangu akachukuliwa kwenye shindano la televisheni huko Bara. Sitalitaja, maana kosa ninalolisimulia ni langu. Kijana ana sauti, tangu madrasa yeye ndiye aliyekuwa akianzisha qasida. Wiki za mwanzo mtaa mzima ulikuwa wake. Ukienda kununua urojo wanakuuliza habari zake, ukipanda daladala wanakuuliza. Tukaona kashinda.

Sasa kuna jambo ambalo siku hizo hatukulipima. Kumsifu mtu na kumtumia kura ni vitu viwili. Anayemsifu hajatoa kitu. Anayetuma anakatwa salio, na meseji ya kura bei yake siyo ya meseji ya kawaida. Halafu simu moja inatuma kura kumi, hamsini, kadiri ya salio. Kwa hiyo kinachohesabiwa pale siyo watu, ni vocha. Na sisi wa visiwani tuko wangapi? Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu milioni 1.3, na Tanzania nzima karibu milioni 45. Mtoto wa Unguja akitegemea Unguja peke yake hafiki popote. Lazima mama wa Mwanza na kijana wa Mbeya wampende, na hao hawamjui baba yake wala hawajawahi kumsikia kwenye maulidi.

Mwaka 2014 nilimfuatilia Idris Sultan alipokuwa Big Brother Hotshots, kule Johannesburg. Najua wengine mtanikunjia uso. Ile nyumba ya wanawake na wanaume kulala na kuamka pamoja mbele ya kamera siyo ya kuangalia na wazee, na mimi sikuiangalia na wazee. Niliiangalia kwa shoga yangu, baada ya isha, na mara nyingi tulibadilisha chaneli haraka haraka. Lakini nilitaka kujua kwa nini yeye kashinda na wa kwetu hakushinda.

Kwanza, hesabu ya kule ilikuwa nyengine. Kila nchi ilipiga kura zake, na aliyeongoza katika nchi hiyo akapata kura moja ya nchi. Nigeria na watu wake wote walikuwa na kura moja, sawa na nchi ndogo. Ndiyo maana mwaka 2013 aliweza kushinda Dillish Mathews wa Namibia, nchi ya watu kama milioni mbili tu. Kwa hesabu ile haikusaidii kupendwa mno nyumbani. Unatakiwa upendwe kidogo kidogo na wengi wasiokujua. Na Mtanzania alishawahi kufanya hivyo kabla, Richard Bezuidenhout, mwaka 2007. Idris alitoka na dola 300,000.

Pili ni kicheko. Idris alikuwa anachekesha, na aliyekuchekesha jioni unataka kumuona tena kesho. Hilo ndilo jibu langu la kwanza ukiniuliza nani anashinda: yule ambaye hutaki aondoke. Siyo lazima awe bora. Majaji wanatafuta bora. Mtu aliyekaa kwenye mkeka na rimoti yake anatafuta mgeni wa kumkaribisha tena nyumbani kwake.

Dukani kwangu nimeyaona haya kwa macho yangu, maana wateja wakisubiri wanaangalia televisheni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema "huyu sauti yake imetulia." Wanasema, "huyu kaosha vyombo na hajatumwa." Wanasema, "yule kamjibu vibaya mtu mzima." Mwanamke wa kwetu akishamuona mtu kaonewa, basi kura yake imeshatoka, hata kama aliyeonewa ndiye mchokozi. Na mashindano yanalijua hilo, ndiyo maana kamera inamganda anayelia. Msichana ana kazi zaidi. Akicheka sana, hana haya. Akinyamaza, anaringa. Mwanamme akinyamaza wanasema ana busara.

Ndiyo maana nampenda Hissa Hilal, mama wa Kisaudia. Mwaka 2010 aliingia kwenye shindano la mashairi la televisheni kule Abu Dhabi, Million's Poet, ambalo majaji wanatoa alama na watazamaji wanapiga kura. Alikaa pale na nikabu yake, macho tu ndiyo yanaonekana, akasoma shairi la kuwapinga wanaotoa fatwa kali. Akawa mwanamke wa kwanza kufika fainali, akashika nafasi ya tatu. Uso hakuna, machozi hakuna, kanzu ya kumetameta hakuna. Watu walimpigia kura kwa maneno yake. Kwa hiyo inawezekana, ila naona mara nyingi inawezekana mpaka nafasi ya tatu.

Turudi kwa wa kwetu. Zilipobaki wiki mbili, kura zake zikashuka. Mama yake akanipigia simu analia, "Mwanangu, wewe una wateja, wahimize." Nikawahimiza. Walisema inshaallah. Mnaijua inshaallah ya dukani.

Asubuhi ile alikuja biharusi wangu, binti mpole wa Mwembetanga, kaniletea shilingi 180,000 ya lasi na satini. Mchangani nilipanga niende kesho yake. Usiku matokeo ya awali yakaonesha kijana wetu yuko chini. Nikasema nitachukua elfu kumi, nitarudisha. Nikatuma. Nikachukua nyengine kumi. Mkono ukazoea, kama ule unavyozoea kukata kitambaa bila chaki. Mpaka saa sita za usiku nilikuwa nimemaliza elfu 85, vidole vinaniuma, na kijana alitolewa siku ile ile. Wa nne.

Sikulala. Hela ya biharusi ni amana, na mimi nilisomeshwa amana ni nini kabla sijasomeshwa kushona. Harusi wiki tatu. Nilijaribu kujidanganya kuwa nilikuwa namsaidia ndugu, na kumsaidia ndugu ni jambo jema. Lakini ndugu yangu hakupata hata shilingi katika ile 85,000.

Nikaenda kwa bi mkubwa anayesimamia mchezo wetu, nikamuomba zamu yangu iletwe mbele. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nina mgonjwa. Akanitazama, akamimina chai, akaniuliza mgonjwa gani. Hapo nikamwambia kweli yote, mpaka idadi ya meseji. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba zamu yangu nitapewa, lakini mchango wangu wa miezi mitano nitauleta tarehe moja, mbele ya wenzangu, na siyo kwa kutuma mtoto. Nikauleta. Kila mwezi nilitembea kutoka Darajani mpaka Kikwajuni na elfu zangu kwenye ncha ya kanga.

Lasi nikanunua, tena bora kuliko niliyopanga. Gauni nikalimaliza siku nne kabla ya harusi, shanga nimezitia moja moja kwa mkono. Biharusi akalivaa, akajigeuza kwenye kioo, masha Allah, limemkaa kama kazaliwa nalo. Hapo nafsi ikanisuta. Nikamwambia, mdogo wangu, kuna siku mbili hela yako haikuwepo. Nikamueleza ilikwenda wapi, na vipi niliirudisha, nikamwambia akitaka kunipunguzia ujira ni haki yake.

Alikaa chini na gauni lake jeupe, nami nikawa nalishika lisiguse sakafu. Akaniuliza, "Kwani mtu mmoja anaruhusiwa kutuma nyingi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi nilimtumia moja," akasema. "Nilijua kura ni moja."