Baraza Lenye Chupa

Nyumbani kwetu neno kilabu halikutajwa mbele ya watoto. Mama aliamini kuwa mlango wa pombe ni wa kuingilia tu, hauna pa kutokea. Nami nilikua katika imani hiyo, na hata leo sinywi kileo. Kwa hiyo yamkini mtastaajabu, enyi vijana, nikikiri kwamba nina deni kwa bustani moja ya bia katika mtaa wa Kileleshwa, Nairobi.

Zamani Kileleshwa ulikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani pana, nyingi zikikaliwa na watumishi wa serikali. Miaka hii bustani hizo zimetoweka moja moja, na maghorofa yamesimama mahali pake. Watu wameongezeka, walakini ujirani umepungua. Akaaye chini hamjui akaaye juu ila kwa kishindo cha viatu vyake. Mwaka 2018 nilipanga chumba nyuma ya nyumba moja kuukuu. Karibu yake ilikuwapo bustani iliyosalia, yenye mijakaranda miwili, meza za mbao na jiko la kuchomea nyama. Jioni nilikwenda huko kunywa soda, maana sikuona mahali pengine pa kuketi na watu. Pale dereva alikaa na wakili, na mlinzi wa lango alibishana na mwenye nyumba juu ya mpira pasipo kuogopa.

Jambo hili si geni. Wazee wa Kikuyu walikunywa muratina katika shughuli za posa na baraka, na kijana hakuruhusiwa kuinywa apendavyo. Serikali ya kikoloni iliugeuza unywaji kuwa biashara. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilifungua ukumbi wa pombe huko Pumwani, likajitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji mjini, na faida ikatumiwa kwa mambo ya ustawi wao. Yaani mtu alijengewa kwa fedha za ulevi wake mwenyewe. Tangu hapo, basi, mahali pa kunywea pana nyuso mbili: hukusanya watu, na hukusanya fedha zao.

Nyuso hizo zote mbili nilizitazama mwaka 2019. Mama alifariki dunia kijijini, nami sikuwa na nauli wala fedha za jeneza. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu zangu walikuwa mbali. Wale wa bustanini waliposikia, kofia ilizungushwa mezani, na karani mmoja akaandika majina na kuhesabu mchango. Yeye mwenyewe alitoa shilingi 500. Nilisafiri usiku ule ule, nikamzika mama yangu kwa heshima.

Niliporudi nilimkuta mke wa karani langoni, mtoto mgongoni, akimngojea mumewe. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Niliambiwa kuwa huja kila mwisho wa mwezi, ili awahi mshahara kabla haujaishia mezani. Moyo uliniuma, kwa kuwa mkono ulionisitiri mimi ndio uliomnyima mwanawe. Nikatoa shilingi 500, nikamwambia, "Shemeji, pokea, hizi zilikuwa zenu." Akazikataa. "Mwalimu," alisema, "fedha ya msiba hairudishwi. Kama waona una deni, nirudishie mume wangu mapema."

Tangu siku hiyo nilijipa kazi. Saa mbili ilipofika nilisimama, nikamwambia karani twende zetu. Siku nyingine alikuja, siku nyingine alikasirika akaniita mtoto wa Jumapili.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 mabaa yalifungwa kwa sababu ya korona, yasifunguliwe hadi mwisho wa Septemba. Nilidhani wale watu watatawanyika. Kumbe jioni walijikusanya kando ya barabara, wameketi juu ya mawe kwa kuachana, kila mmoja na kikombe cha chai ya kibandani. Karani alikuwamo, na mazungumzo yake yalikuwa yale yale. Hapo nilitambua kiu yao hasa ilikuwa kiu ya nini.

Bia iliporudi, karani naye alirudi; siwezi kuwadanganya. Lakini mara nyingi huondoka mapema, nasi hutembea pamoja. Bustani ile haipo tena, limejengwa ghorofa, nalo halina hata benchi moja mlangoni.

Baadhi yenu mtakuwa wajenzi, madiwani na wenye nyumba. Ni rahisi kumlaumu mlevi, na pengine lawama ni haki yake. Lakini kabla ya kumlaumu, ulizeni kama mtaa wake ulimpa mahali pengine pa kuitwa kwa jina lake.