Swali la mgonjwa wa mapafu tulilolikimbia



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunaandika juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tuliwahi kulikimbia. Tunaandika kwa idhini ya mjane wa ndugu mmoja wa msikiti wetu hapa Buyenzi, Bujumbura. Majina tumeyaacha.

Ndugu huyo alikuwa muuza vitambaa. Alikohoa miezi mingi, akatibiwa kifua kikuu bila nafuu, mwisho akapelekwa nje ya nchi na huko ikabainika ni saratani ya mapafu. Saratani hii ndiyo inayoua watu wengi zaidi duniani, wapatao milioni 1.8 kwa mwaka 2022 peke yake, na sigara ndiyo sababu yake kubwa. Aliporudi tulimiminika kumjulia hali, tukamuombea dua, tukachanga. Siku moja baada ya Alasiri akabaki nyuma, akatuuliza kwa sauti ya chini:

"Maalim, mimi na mama watoto tunalala mbalimbali tangu niugue. Naogopa kumwambukiza. Na hata nikitamani, pumzi zinakata. Je, namdhulumu?"

Nasi tukamjibu: "Subira, ndugu yangu. Kwanza shughulikia afya yako." Akaitikia, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Jibu lile linatuuma hadi leo. Ajabu ni kwamba sisi ndio tunaowafundisha vijana wa miaka 12 hedhi, janaba na josho bila kupepesa macho. Yakiwa kitabuni hayatusumbui. Yalipoletwa na mtu mzima anayekohoa, ulimi ukagoma.

Haikupita wiki mbili, mkewe akaja nyumbani kwetu kuzungumza na mama watoto. Alikuwa akilia. Alidhani mumewe amemchoka, naye mwenyewe aliogopa hata kumgusa asije akamuumiza kifua. Kumbe kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenziwe, na kila mmoja akiamini amekataliwa.

Hapo ndipo tulipokwenda kwa muuguzi mmoja anayehudumia wagonjwa wa saratani, na karatasi ya maswali mkononi. Tulimsomea huku tukitazama sakafu, naye akajibu kama anayeeleza bei ya sukari.

Saratani ya mapafu haiambukizwi, si kwa kulala pamoja, si kwa kubusiana wala kwa tendo la ndoa. Mionzi inayopigwa na mashine kutoka nje ya mwili haibaki kwa mgonjwa. Ila anayetibiwa kwa kemotherapi, mabaki ya dawa huweza kutoka katika majimaji ya mwili kwa siku chache, kwa hiyo watumie kondomu. Tena wazuie mimba muda wote wa dawa, na baada yake kwa kadiri atakavyosema daktari, kwani dawa hizo zaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na zipo siku ambazo damu imedhoofika mno, daktari akawaambia wangoje.

Hamu kupungua si kuchokana. Kuna uchovu, kichefuchefu, huzuni, na hata dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hushusha homoni. Mgonjwa akiwa mwanamke, huweza kupata ukavu na hedhi kukoma kabla ya wakati. Vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa sokoni asinunue mtu bila kumuuliza daktari. Vikikutana na baadhi ya dawa za moyo hushusha presha ghafla, na vinaweza kuua.

Kuhusu pumzi, alisema wachague saa ambayo mgonjwa ana nguvu, hata ikiwa mchana, wala si baada ya kushiba. Mwenye dawa ya kuvuta kwa mdomo amuulize daktari wake kama aivute kabla. Aegemee mito, uzito usimkae kifuani, feni imwelekee usoni. Siku nguvu hazipo, wakae karibu, washikane, walale kitanda kimoja. Hilo nalo ni haki yao.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo muuguzi asingelijua, na mke ndiye aliyelifichua. Ni josho. Maji ya baridi kabla ya Alfajiri yalimkohoza mumewe mpaka akashindwa kusimama, basi akaona heri asimkaribie mkewe kabisa. Lo! Swali hili lilikuwa letu. Maji yachemshwe, na yakiwa bado yanamdhuru, atayamamu na aswali. Amr bin al-Aas (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali katika safari ya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu. Imo katika Sunan Abi Daud. Tumekisomesha kisa hicho mara ngapi!

Tukaenda nyumbani kwake, tukaketi naye mkekani, tukamuomba radhi, kisha tukamweleza yote. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Maalim, kumbe na wewe una haya?"

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Mjane wake anasema godoro alilokuwa akilalia sebuleni lilirudishwa chumba cha watoto wiki ileile. Allah amrehemu.

Wassalaam alaykum.